Bomba la kupumulia: kwa nini tanki la mafuta haliachwi bila mdomo

Kwenye karibu kila kituo cha mafuta, iwe Morogoro, Nakuru au Bukavu, tupa macho pembeni, kwenye ukuta wa nyuma au kona ambayo magari hayafiki. Utaona mabomba membamba ya chuma yamesimama wima, matatu au manne, marefu kama watu wawili waliobebana, kila moja likiwa na kofia ndogo juu. Hayana koki wala mita, na hakuna anayeyagusa. Wapita njia wengi hudhani ni nguzo za bendera zilizosahaulika. Kumbe kila bomba limeshuka chini ya zege hadi kwenye mgongo wa tanki lililozikwa, na kazi yake ni kuliwezesha tanki hilo kupumua. Mafundi wengi huliita venti. Mimi nitaliita bomba la kupumulia.

Bomba la aina hiyo, likiwa nene zaidi, liko pia juu ya matanki makubwa ya bohari za mafuta za Kurasini (Dar es Salaam), Kipevu (Mombasa) na Tanga, na kwenye matanki ya mafuta ya kula, molasi, spiriti na kemikali za viwandani. Halina injini wala umeme, na halina sehemu nyingi za kuharibika. Hata hivyo likizibwa, tanki la mamilioni ya shilingi linaweza kukunjamana ndani ya dakika moja. Na likitumiwa kwa kazi isiyo yake, watu hufa. Yote mawili yamewahi kutokea, na mara nyingi aliyeliziba alikuwa na nia njema kabisa.

Hewa ndiyo inayolibeba paa

Aliyewahi kumimina mafuta ya kula kutoka kwenye dumu la lita 20 anaijua kanuni yenyewe. Mafuta hutoka yakisita na kubugujika, mbavu za dumu zikijikunja ndani, mpaka utoboe kitundu upande wa juu. Hewa ikishapata njia ya kuingia, mafuta hutiririka bila kukatika. Kila lita inayotoka lazima nafasi yake ijazwe na lita moja ya hewa, na kila lita inayoingia lazima itoe nje lita moja ya hewa na mvuke. Tofauti ya dumu na tanki la kiwandani ni kwamba dumu hujikunja kisha hurudi umbo lake. Tanki la chuma halirudi.

Hapa ndipo hesabu inaposhangaza. Usawa wa bahari, kila mita ya mraba inakandamizwa na hewa yenye uzito wa takriban tani 10. Hatuhisi chochote kwa sababu hewa hiyo inasukuma kutoka pande zote. Chukua tanki la dizeli lenye kipenyo cha mita 10. Paa lake lina mita za mraba zipatazo 78, kwa hiyo limebeba hewa ya karibu tani 800. Bati la paa hilo huenda likawa na unene wa milimita 5 tu. Ukweli ni kwamba bati halibebi mzigo huo hata kidogo. Unabebwa na hewa iliyomo ndani ya tanki, inayosukuma juu kwa nguvu ile ile.

Sasa punguza hewa ya ndani kidogo tu. Kiwango cha Marekani kiitwacho API 650, ambacho hutumika sehemu nyingi za dunia kujengea matanki ya aina hii, huruhusu tanki la kawaida livumilie ombwe, yaani upungufu wa presha ya ndani kuliko ya nje, la kilopaskali 0.25 hivi, sawa na milibari 2.5. Presha ya hewa iliyotuzunguka ni milibari 1,013. Kwa maneno mengine, tanki linaruhusiwa kupoteza robo ya asilimia moja ya presha ya ndani. Kiasi hicho ni sawa na presha ya maji yenye kina cha sentimita mbili na nusu. Kwenye paa letu la mita 10, tofauti hiyo ndogo tayari ni mzigo wa tani mbili. Ikifika mara kumi yake, ni tani ishirini.

Je, inachukua muda gani kufika hapo? Tuseme tanki lina nafasi ya hewa ya mita za ujazo 300 juu ya dizeli, na pampu inavuta mita za ujazo 200 kwa saa kupakia malori. Bomba la kupumulia limezibwa. Ili presha ishuke kwa milibari 2.5, hewa iliyofungiwa inahitaji kutanuka kwa kiasi cha lita 740 tu. Pampu ile inatoa lita zaidi ya 3,300 kwa dakika. Piga hesabu: sekunde 13 au 14. Mwendeshaji aliyebonyeza kitufe hajafika hata kwenye kiti chake. Na pampu haijui kwamba tanki linaumia. Inaendelea kuvuta, kwa sababu ombwe la milibari chache kwake si kitu.

Pampu si adui pekee. Mvua inaweza kufanya kazi hiyo hiyo bila mtu yeyote kugusa kitu. Fikiria tanki la mita za ujazo 1,000 likiwa karibu tupu, jua la saa nane limelichoma tangu asubuhi, na hewa ndani imefika nyuzi 45. Wingu linakuja kutoka baharini, mvua kubwa inaanguka kwenye bati la moto, na joto la ndani linashuka hadi nyuzi 30. Hewa ile inanywea kwa karibu asilimia 5, na mita za ujazo 47 za hewa mpya zinahitaji kuingia ndani ya muda mfupi. Zikikosa njia, ombwe linafika karibu milibari 48, mara ishirini ya kile tanki linachovumilia. Ndiyo sababu kiwango kingine, API 2000, kinachoeleza namna ya kukadiria upumuaji wa matanki, hakiishii kwenye kasi ya pampu. Kinataka pia uhesabu tanki litavuta hewa kiasi gani likipozwa ghafla. Kwenye ukanda wetu wa joto na mvua za ghafla, hesabu hiyo si ya kurukwa.

Watu wengi huogopa presha ya kupasua na kusahau ombwe la kukunja. Ukuta wa tanki la mviringo una nguvu unaposukumwa kutoka ndani, kwa sababu chuma kinavutwa kote kwa usawa. Ukivutwa kuingia ndani, sehemu moja ikibonyea kidogo, umbo la mviringo linapotea, na nguvu yake inapotea nalo. Kuanzia hapo hakuna kinachozuia. Ndiyo maana tanki lililonyonywa halionekani kama limevuja au kuchanika. Linaonekana kama limeminywa na mkono.

Kwa nini lisimame wima

Jibu la haraka huwa kwamba mvuke hupanda juu kama moshi. Kwa petroli hilo si kweli. Moshi wa bombani hupanda kwa sababu ni wa moto. Mvuke wa petroli hutoka ukiwa na joto la kawaida, na ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Ukiachiwa hushuka, hutambaa ardhini, huingia mitaroni na kwenye mashimo ya nyaya, na unaweza kwenda mbali kabla ya kukutana na cheche.

Kwa hiyo urefu una sababu nyingine. Mvuke wa petroli huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ndani ya tanki la petroli kwa kawaida mvuke ni mwingi kupita kiasi hicho, hewa haitoshi kuuwasha. Mbali na tanki ni mchache mno. Katikati ya hali hizo mbili lazima kuwe na eneo ambalo mchanganyiko unawaka, na eneo hilo huwezi kulifuta. Unachoweza ni kuchagua likae wapi. Bomba refu linaliweka juu ya vichwa vya watu, juu ya injini za bodaboda na jiko la mkaa la mama lishe aliye upande wa pili wa ukuta. Kanuni ya Marekani ya NFPA 30 inataka mdomo wa bomba la petroli uwe angalau mita 3.6 juu ya ardhi. Mdomo huelekezwa juu ili mvuke utoke kwa kasi, uvute hewa ya pembeni na kuchanganyika nayo kabla haujaanza kushuka. Wakati tanka, yaani lori la mafuta, linashusha petroli mchana wa jua, ukitazama ncha ya bomba dhidi ya anga utaona hewa inatetemeka kama juu ya lami yenye joto. Huo ndio mvuke wenyewe. Hauna rangi, lakini unapinda mwanga.

Sababu ya pili inahusu kinachorudi. Usiku chuma kikipoa, mvuke ulio ndani ya bomba hugeuka matone. Bomba wima huyarudisha tankini lenyewe. Sehemu iliyolala chini ya zege lazima nayo iwe na mteremko kuelekea tankini, mfululizo, bila tumbo. Ardhi ikititia, au malori yakipita juu ya mtaro uliojazwa vibaya, bomba hupinda na petroli hujikusanya pale lilipozama. Sentimita kumi za petroli zikishajaza bomba ni kizibo kinachohitaji zaidi ya milibari 7 kukipenya. Bomba linaanza kugugumia wakati wa kushusha, na mafuta yanashuka polepole bila sababu inayoonekana.

Sababu ya tatu naipenda kuliko zote. Kwenye vituo vingi tanka hushusha kwa nguvu ya mvutano tu, bila pampu. Tanki likijaa kupita kiasi, petroli itapanda ndani ya bomba la kupumulia, lakini haiwezi kupanda juu kuliko usawa wa petroli iliyobaki ndani ya tanka lenyewe. Mdomo wa bomba ukiwa juu kuliko mgongo wa tanka, petroli itasimama bombani na haitamwagika. Hakuna kengele, hakuna kihisio. Ni kimo tu. Akija mtu na tanka linaloshusha kwa pampu, ulinzi huo umekwisha hapo hapo, kwa sababu pampu inaweza kusukuma petroli juu kuliko bomba lolote lililojengwa ukutani.

Urefu una gharama yake pia. Petroli iliyosimama mita 4 ndani ya bomba inalikandamiza tanki lililo chini kwa karibu milibari 300. Tanki la kuzikwa, ambalo ni dogo na limelala kama pipa, hujengwa kwa kulifikiria hilo. Tanki kubwa la bohari lenye paa la bati jembamba haliwezi: milibari 300 kwenye paa la mita 10 ni nguvu ya zaidi ya tani 230 kuelekea juu. Ndiyo maana ukitazama paa za matanki ya dizeli ya bohari utaona mabomba mafupi na manene, mengine yamepindwa kama shingo ya bata yakitazama chini ili mvua isiingie, na mdomoni yana wavu wa kuzuia ndege. Umbo hilo linafaa kwa dizeli, ambayo haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipashwe joto zaidi ya nyuzi 50. Kwa petroli ni kosa, maana linaurusha mvuke mzito chini, kwenye paa na kuta za tanki.

Kuhusu unene nitasema kwa ufupi. Tanka likishusha lita 900 kwa dakika, mvuke unapita kwenye bomba la milimita 50 kwa zaidi ya mita 7 kwa sekunde. Upinzani wa bomba hupanda haraka sana kipenyo kinapopungua: fundi akibadilisha bomba la milimita 50 kwa la milimita 40 kwa sababu ndilo lililopatikana dukani, upinzani unakuwa mara tatu. Kila kona anayoongeza inazidisha. Kwa macho mabomba hayo mawili yanafanana.

Kinachowekwa mdomoni

Mdomo ulio wazi kabisa ndio salama kuliko yote kwa umbo la tanki, lakini una hasara nyingine: mvuke unapotea saa zote, mvua inaingia, moto unaweza kurudi ndani. Kwa hiyo mdomoni huwekwa vifaa. Kila kifaa kinatatua tatizo moja na kuleta kizuizi kimoja, na hapo ndipo uangalifu unapohitajika.

Kizuia moto ni cha zamani. Mwaka 1812 mlipuko wa gesi uliua watu 92 katika mgodi wa makaa wa Felling, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1815 mwanakemia Humphry Davy akaonyesha kwamba mwali wa taa ukizungushiwa wavu wa waya wenye matundu madogo, hauwezi kuvuka kwenda kuwasha gesi iliyo nje. Chuma kinaunyang'anya mwali joto lake, na mwali uliopoa unazimika. Vizuia moto vya leo kwenye mabomba ya matanki vinafuata kanuni hiyo hiyo, ila badala ya wavu hutumia ukanda wa chuma uliokunjwa mikunjo midogo na kuviringishwa, ukiacha vijia vyenye upana usiofika milimita moja. Kizuia moto kina mipaka. Moto ukiendelea kuwaka juu yake kwa muda mrefu, chuma hupata joto na mwali huvuka. Na kilichotengenezwa kukaa ncha ya bomba hakifai kuwekwa katikati ya bomba refu, kwa sababu mwali ukisafiri ndani ya bomba huongeza kasi mpaka kuwa mlipuko ambao vijia vile haviwezi kuupoza.

Mipaka hiyo iko vitabuni. Ambayo mara nyingi haifikiriwi ni ya kila siku: vijia visivyofika milimita moja huziba. Vumbi la barabara, kutu, na chumvi ya pwani hujaa humo taratibu. Nyigu hupenda mabomba yaliyosimama wima, na nyumba moja ya udongo inatosha. Kifaa kilichowekwa kuzuia moto kinageuka kifuniko, na kwa kuwa kiko juu, hakuna anayekiona kikigeuka.

Kifaa cha pili ni vali ya presha na ombwe. Ndani yake kuna visahani viwili vilivyolala juu ya vikalio vyake kwa uzito wake tu. Presha ya tankini ikizidi kiwango, kisahani kimoja kinanyanyuka na kuachia mvuke. Ombwe likizidi, cha pili kinanyanyuka na kuingiza hewa. Muda uliobaki vyote vimefunga, na petroli haipotei kwa kila joto la mchana. Mpangilio unaotumika sana kwenye vituo vya mafuta vya Ulaya ni milibari 35 upande wa presha na milibari 2 upande wa ombwe. Tafsiri namba hizo kwa uzito: kwenye tundu la milimita 50, milibari 35 ni gramu 700. Milibari 2 ni gramu 40. Kitu kinacholilinda tanki lisikunjwe ni kisahani ambacho hewa inapaswa kukinyanyua kwa nguvu ya gramu 40. Utando wa gundi inayoachwa na petroli, au ukoko mdogo wa chumvi kwenye kikalio, unatosha kukishika. Vali za aina hii zinahitaji kufunguliwa, kufutwa na kuinuliwa kwa kidole ili kuhakikisha kisahani kinacheza. Kuitazama kutoka chini na kuandika kwamba ipo hakutoshi.

Halafu kuna vitu ambavyo havikukusudiwa kuwepo. Mpaka rangi anafunga mfuko wa plastiki mdomoni ili rangi isiingie, au ili maji ya kuoshea yasichafue bidhaa. Kazi inaisha, mfuko unabaki. Wahandisi wa kemikali duniani kote hufundishwa kwa picha za matanki yaliyokunjamana kwa sababu hiyo hasa, maana karatasi ya plastiki, dhaifu kiasi hicho, inatosha: hewa ya nje inaikandamiza mdomoni na kuifanya kizibo. Kingine ni flanji pofu, kile kisahani kizima cha chuma ambacho mkandarasi hufungia bomba wakati wa kupima tanki kwa presha. Kipimo kinafaulu, cheti kinaandikwa, flanji inabaki mahali pake. Kila kifaa cha namna hiyo kinahitaji kitambaa chekundu kinachoning'inia na jina la mtu atakayekiondoa.

Siku kimiminika kinapopanda

Mpaka hapa nimezungumzia bomba linalopitisha hewa na mvuke. Hicho ndicho kiini chake: kila kitu kuhusu bomba la kupumulia, kuanzia kimo, unene na mahali liliposimama, kimechaguliwa kwa kudhani kwamba kitakachotoka mdomoni ni gesi. Kikitoka kimiminika, mahesabu yote yanageuka.

Tarehe 11 Desemba 2005, kwenye bohari ya Buncefield karibu na Hemel Hempstead, Uingereza, petroli iliendelea kuingia kwenye tanki namba 912 baada ya kipimo cha kiwango kukwama na swichi ya dharura kutofanya kazi. Petroli ikatafuta njia na kutoka kwenye matundu ya kupumulia yaliyo paani. Ikaanguka ukutani kama maporomoko, ikapasuka kuwa matone madogo, na matone yakageuka wingu la mvuke lililotambaa hadi nje ya uzio. Mlipuko ulitokea saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi. Ilikuwa Jumapili na watu walikuwa wachache. 43 walijeruhiwa, hakuna aliyekufa.

Miezi michache kabla, huko Marekani, bahati hiyo haikuwepo. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha BP, Texas City, kilikuwa na bomba wima refu la karibu mita 34, lililosimama juu ya pipa kubwa la kupokelea mafuta na mvuke kutoka kwenye vali za usalama. Lilijengwa miaka ya 1950. Wazo lake lilikuwa lile lile la bomba la kituoni: kimiminika kidogo kibaki ndani ya pipa, mvuke utoke juu kabisa na kupeperushwa. Halikuunganishwa na mnara wa kuchomea gesi.

Tarehe 23 Machi 2005 wafanyakazi walikuwa wanawasha tena mnara wa kutenganishia mafuta, wenye urefu wa mita 52. Kwa zaidi ya saa tatu mafuta yaliingia bila kutolewa. Kipimo cha kiwango kilikuwa kinadanganya, kikionyesha mafuta yanashuka huku mnara ukijaa. Ulipofurika, vali tatu za usalama zilifunguka kwa dakika sita na kumwaga mafuta ya moto kwenye mfumo wa lile pipa. Pipa likajaa, na bomba lililojengwa kutoa mvuke likarusha mafuta juu kama chemchemi.

Mvuke ungetoka kwa kasi, ungevuta hewa na kupungua nguvu kabla ya kufika chini. Mafuta yalifanya kinyume: yalianguka kama mvua, yakagonga mabomba na majukwaa, yakasambaa na kuvukia pale pale ardhini, palipokuwa na watu. Kimo cha mita 34, kilichokusudiwa kuwa ulinzi, kiliyaongezea mafuta nafasi ya kupasuka na kuchanganyika na hewa. Pikapu ya dizeli iliyokuwa imesimama mita 8 hivi kutoka kwenye pipa, injini ikinguruma, inaaminika ndiyo iliyoliwasha wingu. Watu 15 walikufa na 180 wakajeruhiwa. Wote waliokufa walikuwa ndani ya nyumba za muda za makandarasi zilizowekwa karibu na bomba hilo, au kando yake. Walikuwa kwenye kazi nyingine kabisa. Bodi ya Marekani inayochunguza ajali za kemikali ilieleza kwamba mfumo uliounganishwa na mnara wa kuchomea ungezuia au kupunguza sana maafa hayo.

Sioni kosa kwenye bomba lenyewe. Lilifanya kile ambacho bomba lolote lililo wazi lingefanya: kupitisha kilichokuja. Kosa lilikuwa kulifanya mlango wa mwisho wa kitu ambacho kingeweza kuwa kimiminika, halafu kuweka watu chini yake. Bomba la kupumulia haliwezi kuwa mbadala wa kipimo cha kiwango kinachosema kweli, na kila mahali ambapo mtu anajaza tanki huku akitegemea "litaonyesha juu likijaa", kuna Texas City ndogo inayosubiri.

Mvuke wenyewe unakwenda wapi

Kuna jambo moja zaidi ambalo wakazi wa karibu na vituo wanalijua kwa pua. Tanka la lita 33,000 likishusha petroli yote, lita 33,000 za mchanganyiko wa hewa na mvuke zinafukuzwa tankini. Kwa makadirio ya shirika la mazingira la Marekani, kila lita inayoshushwa kwa bomba linalofika karibu na sakafu ya tanki hufukuza miligramu 880 za petroli. Tanka zima ni karibu kilo 29, yaani lita zipatazo 40 zilizolipiwa na kurushwa hewani. Ndani yake kuna benzini, ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu.

Dawa yake ni mpira wa pili. Tanka linapounganishwa, mpira mmoja unashusha petroli na mwingine unarudisha mvuke juu kwenye tanka, kuchukua nafasi ya petroli inayotoka. Vali ya bomba la kupumulia inabaki imefunga, kwa kuwa mvuke umepata njia nyepesi zaidi, na kiasi kinachopotea kinashuka hadi miligramu 40 kwa lita. Tanka linarudi bohari likiwa limebeba mvuke wake. Dereva akiuacha mpira huo begani kwa haraka zake, kila kitu bado kitafanya kazi, mafuta yatashuka, na jirani ndiye atakayevuta hewa ile.

Dereva huyo huyo ndiye mtu wa kwanza anayeweza kujua kwamba bomba linaziba. Chumba cha tanka cha lita 10,000 kilichokuwa kinamalizika kwa dakika 12 kikianza kuchukua 20, na mipira haijabadilika, kuna kitu kati ya tanki na anga. Inafaa muda huo uandikwe kwenye daftari la mapokezi kila mara, tanki kwa tanki, na kila bomba ukutani liandikwe kwa rangi isiyofutika ni la tanki lipi, ili fundi atakapopanda ngazi afungue lile linalohusika.